Randa ya Baba Isitoke Iyunga

Kairo,
Jumapili, nimetoka ibadani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ugonile? Najua hapo umeitika kwa sauti hata kama umekaa peke yako, maana sijawahi kukuona ukiacha salamu ya mtu ipite bila kuijibu. Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala, nimekonda kidogo lakini hilo usimwambie mama.

Mkono wa kulia unaendeleaje? Nasikia umeanza kushika kikombe, ila ule mpira wa mazoezi uliopewa hospitali umewaachia kuku. Baba, ule mpira si wa kuku. Ubane asubuhi na jioni kama ulivyoelekezwa. Na goti la mama likoje na baridi hii ya mwezi wa sita? Viazi mmeshachimba? Huku hakuna baridi wala ukungu. Kuna jua na vumbi, na mvua nimeiona mara mbili tangu nifike, zote mbili hazikutosha kulowesha kanga. Nilipomsimulia mwenzangu wa hapa kwamba kwetu kuna asubuhi humwoni mtu aliye ng'ambo ya barabara, alidhani namtania.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu masikio yako yameharibiwa na mashine ya kuranda, nikipiga naishia kumpigia kelele mama. Halafu simu, mazungumzo yasipokupendeza, huwa unaikata na kusema mtandao unasumbua. Barua huwezi kuikata. Inaletwa na dada mmoja wa Tukuyu aliyemaliza masomo yake hapa, na nimemwomba aikabidhi mkononi mwa mama, ili mama akae karibu mpaka uimalize.

Jambo lenyewe ni hili. Kaka Ambakisye alinipigia akiwa kazini kwake, kule mashine ya mpunga Ubaruku, nikawa namsikia nusu nusu kwa kelele. Akasema umeamua kulifunga banda lako la majeneza. Kwamba mwisho wa mwezi wa saba Fundi Gidion atakuja na mkokoteni kuchukua misumeno, patasi, jiriwa na randa. Nikamuuliza kwa nini Gidion. Akasema baba anasema mkono umegoma na hakuna wa kurithi. Baba, hilo neno "hakuna" limenichoma. Watoto tupo wawili, na mmoja wao ni mimi.

Naomba usimpe Gidion randa. Ningeweza kuishia hapo nikaweka sahihi, lakini nakujua, utataka sababu, na sababu yangu inaanza na kukiri kosa.

Ninyi huwa mnawaambia watu kanisani kwamba mtoto wenu anafanya kazi ofisini, makumbusho ya Misri. Nimewaacha muamini hivyo kwa sababu mama aliniambia siku ya kuondoka nisiguse kitu cha wafu. Ofisi sina. Nina meza ndefu kwenye karakana, na juu ya meza kuna jeneza. Likiondoka hilo linaletwa jingine. Uliniepusha na majeneza, ukanisomesha mpaka chuo, nikapanda ndege mbili, na nilipofunguliwa mlango wa mahali pa kazi nikakuta majeneza yamepangwa ukutani kuanzia sakafuni hadi juu. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Ni ya Wamisri wa kale kabisa, wale wa enzi za Farao. Usifikirie boksi kama yetu. Mengi yamechongwa kwa umbo la mtu aliyejifunika gubigubi: kichwa, mabega, mpaka ncha za miguu. Juu ya kifuniko kuna uso wenye macho wazi, na kifuani amechorwa mwanamke mwenye mbawa amezitandaza kama kuku anayefunika vifaranga. Rangi ni nyekundu, kijani, buluu, na juu yake vanishi ya njano ambayo mpaka leo inang'aa. Kuna moja la zamani zaidi, lenyewe ni sanduku la kawaida, lina macho mawili yamechorwa ubavuni ili marehemu aliyelazwa ndani aweze kuchungulia nje. Wiki ya kwanza nilikuwa nazunguka upande wa pili wa chumba nisipite mbele yake. Sasa kila asubuhi nalisalimia.

Kazi yangu ni kuzuia rangi isibanduke. Nafuta vumbi kwa brashi laini, nachovya pamba kwenye dawa, napaka gundi tone kwa tone pale rangi inapotaka kuanguka. Siku nzima naweza kumaliza sehemu isiyozidi kiganja. Wewe ungenifukuza kwa uvivu.

Lakini baba, rangi ni ya juu tu. Pale ilipobanduka unaona mbao, na mbao ndizo zilinifanya nikukumbuke. Misri haina misitu. Mbao nzuri ilitoka mbali kwa meli, mierezi ya Lebanoni, ile ile ya kwenye Biblia, na hiyo ilikuwa ya wakubwa. Wengine walizikwa kwenye mkuyu. Ndiyo, mkuyu, huu huu tulio nao sisi, ule unaosema haufai hata kuni. Fundi alipewa vipande vifupi vilivyopinda, akaviunga kwa vigingi vidogo vya mti, mianya akaiziba kwa udongo uliochanganywa na gundi, akabandika kitambaa juu, akapaka chokaa, ndipo mchoraji akaja na rangi zake. Jeneza ambalo watu wanapanda ndege kuja kulitazama, ukilivua rangi ni viraka vitupu.

Niliposimama mbele ya kiraka cha kwanza nilikumbuka watu wa Uyole.

Nina hakika na wewe hujawasahau. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mninga ulikuwa haupatikani tena, ukawa unatumia paini ya Mafinga yenye macho macho ya vifundo, na kila jicho lililotoka uliliziba kwa unga wa mbao na gundi, ukapiga msasa mpaka kidole kisijue. Nilikuwa nashinda bandani. Nilikuwa nakukorogea mimi huo ujiuji kwenye kopo la maziwa, na ulinifundisha kushika randa, kidole gumba ubavuni, sio juu. Wakaja wale wa Uyole kuchukua jeneza la bibi yao. Nikataka kuwaonyesha ufundi wako. Nikawashika mkono, nikawapitisha kiraka kimoja baada ya kingine, hapa baba ameziba, na hapa, na hapa huwezi kujua kabisa. Yule mkubwa wao akakugeukia akakwambia, "Kumbe bibi yetu unataka tumzike kwenye viraka?" Wakaondoka na gari tupu.

Hukunipiga. Afadhali ungenipiga. Uliniambia nenda kamsaidie mama yako, na tangu siku ile sikuingia tena bandani. Nilipouliza, mama alinijibu kwamba mtoto wa kike hashiki randa ya majeneza. Miaka yote nimeshindwa kujua kama nilifukuzwa kwa sababu ni msichana au kwa sababu nilikuaibisha. Wewe sikukuuliza, na wewe hukusema.

Sasa nikueleze kilichotokea mwezi uliopita, maana hapo ndipo nilipoamua.

Hapa kuna seremala mzee anayetengeneza vibao vya kushikilia majeneza yasilegee. Anaitwa Usta Fathi. Usta ni kama sisi tunavyosema fundi, kwa heshima. Kiingereza hajui, na Kiarabu changu ni cha kununulia nyanya. Tunaelewana kwa mikono, na mimi nikikwama huwa napachika Kiswahili, maana mara nyingi kinakubali: sabuni, sukari, kitabu, wote tunacheka. Ilikuwa siku chache baada ya simu ya Ambakisye na macho yangu yalikuwa mekundu wiki nzima. Nikachukua randa ya Usta nikalainisha kibao kilichokuwa kinakwaruza. Akasimama kunitazama. Akaonyesha randa, akanionyesha mimi, yaani nani amekufundisha?

Jeneza la kale hapa wanaliita tabuti, hilo nalijua. Lakini nikawaza tabuti ni haya yenye rangi na mbawa. La baba yangu la paini na vishikio vya duka la Bwana Karimu si tabuti, ni jeneza. Nikapiga kifua nikasema "baba yangu" kwa Kiarabu, kisha nikamalizia kwa fahari yote: "Jeneza."

Usta Fathi akaweka chini alichokuwa ameshika. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akasema maneno ya taratibu nisiyoyaelewa. Akawaita wengine. Mashine ikazimwa. Nikaletewa kiti, nikakalishwa, nikaletewa kahawa chungu isiyo na hata chembe ya sukari, na mafundi wakaanza kupita mmoja mmoja wakinisemea jambo kwa upole. Nikafikiri hawa watu wanaheshimu kazi ya baba yangu kuliko nilivyotegemea. Nikawa natabasamu na kushukuru. Nilivyozidi kutabasamu ndivyo walivyozidi kunisikitikia, na mmoja akafuta machozi. Nikanywa kahawa yote.

Ndipo akaja Daktari Hala, mkuu wetu, anayejua Kiingereza. Akapiga magoti mbele ya kiti changu, akaniuliza baba amefariki lini.

Kumbe kwao neno hilo, kwa matamshi yao, si sanduku. Ni mazishi yenyewe. Nilikuwa nimewaambia baba yangu anazikwa. Na kahawa ile chungu ndiyo wanayonyweshana msibani.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, halafu nikalia, na sikuweza kunyamaza. Watu wakadhani nimechanganyikiwa. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekaa robo saa nzima nikipewa pole ya msiba wako, na nimeinywa kahawa yake, na nikajiuliza ingekuwa kweli ningebaki na nini. Banda limefungwa. Randa iko kwa Gidion. Hata kukuuliza kuhusu watu wa Uyole ningekuwa nimechelewa.

Daktari Hala aliwafafanulia kwamba baba yangu yu hai, anatengeneza majeneza, alipata kiharusi. Wakapumua, wakacheka, wakanidai kahawa yao. Usta Fathi peke yake hakucheka. Aliuliza kitu, Daktari akanitafsiria: "Anauliza, kama mkono wa baba yako umelegea, randa yake anashika nani?"

Nikasema, "Mimi."

Baba, sikuwa nimelipanga hilo jibu. Lilitoka. Usta akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jambo la kawaida kabisa, akawasha mashine, akarudi kazini. Tangu siku hiyo wananiita binti wa seremala.

Kuna jingine. Jeneza nililo nalo mezani sasa ni la mwanamke. Lilikuja limeandikwa kwamba ni zima, ubavu ni ubao mmoja. Nilipokuwa nafuta vumbi niligonga kwa kifundo cha kidole, kama unavyogonga wewe ubao kabla hujaununua. Upande mmoja ukalia, upande mwingine ukajibu kwa sauti iliyoziba. Nikasema hapa kuna kiraka. Wataalamu wakasema hapana. Nikasema kigongeni. Likapelekwa kupigwa picha ya eksirei kama mgonjwa, na picha ikaonyesha kipande cha mti mwingine, kimepachikwa kwa vigingi vitatu. Na si hicho tu. Mikono iliyo kifuani si ya kwanza. Wao mwanamume walimchongea ngumi, mwanamke viganja vilivyonyooshwa, na chini ya viganja hivi kuna matundu ya vigingi vya ngumi. Lilikuwa la mwanamume. Fundi aling'oa ngumi, akapachika viganja, akapaka rangi upya, na mahali pa jina akaandika jina la mama huyu. Watu walishangaa. Nikawaambia kwetu hakuna fundi wa majeneza ambaye angeshangaa, mteja akija na msiba humwambii asubiri msitu ukue.

Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba wewe hukuwa unadanganya mtu. Ulikuwa unafanya walichofanya hawa. Kiraka kilichozibwa vizuri kimeshikilia jeneza hili maelfu ya miaka, na ubao mzima wa jeneza la jirani yake umepasuka katikati. Niliwaonyesha watu wa Uyole kitu sahihi, lakini niliwaonyesha kwa mdomo wa mtoto, sikujua kuwaeleza. Nisamehe baba. Limenichukua muda mrefu kulisema.

Mwambie na Bibi kule Tosamaganga kwamba nimemtetea. Mama anakumbuka alivyoona haya siku Babu alipozikwa, Bibi alipokataa blanketi jipya akamfunika kwa mgolole wake mkuukuu wenye kiraka begani. Hawa wafu wa Kairo nao, chini ya michoro yote, wamefungwa sanda za vitambaa vya nyumbani, mashuka yaliyochakaa, yaliyotiwa viraka na mke au mama kabla hayajachanwa. Nimeuona mshono wa mtu aliyeshona kwa haraka. Kwa hiyo Bibi hakukosea.

Sasa nakuja kwenye uamuzi. Mafunzo yangu yanaisha mwezi wa tisa. Daktari Hala ameniambia nibaki miaka miwili zaidi, nimeshukuru na nimekataa. Najua utakasirika. Utasema hukunisomesha ili nirudi kunuka gundi. Lakini nimeshanuka gundi tayari, baba, tofauti ni kwamba hapa nanukia wafu wa watu wengine. Narudi Iyunga kabla ya mvua kuanza. Utakaa kwenye kigoda chako mlangoni, utakuwa jicho na mdomo, utanikaripia uwezavyo, nami nitakuwa mkono. Ukiona kazi yangu haifai, hapo mwite Gidion mbele yangu, sitafungua mdomo. Ila mpaka siku hiyo randa ikae kwenye msumari wake. Jiriwa anaweza kuazima, misumeno pia. Randa hapana.

Wanaosema mwanamke hatengenezi jeneza waachie mimi, nitaongea nao mwenyewe. Na usiogope, sitachora macho kwenye majeneza ya Wasafwa.

Nisalimie mama, mwambie ndaga fijo kwa maombi yake, na kwamba vitu vya wafu nimevigusa na sijapatwa na lolote isipokuwa chafya. Nisalimie kaka Ambakisye, mwambie aliponipigia alifanya la maana kuliko anavyojua. Bibi wa Tosamaganga mpe kamwene yangu. Bwana Karimu wa duka la vishikio msalimie, mwambie akiagiza gundi aniwekee ile ya zamani. Na Fundi Gidion pia msalimie, sina ugomvi naye.

Nimebakiza moja. Lile jeneza la mninga ulilolificha nyuma ya banda chini ya turubai, ambalo sote tunajifanya hatujui ni la nani. Kabla sijasafiri nililifunua. Lina ufa upande wa miguuni, hujauziba. Usiuzibe, baba, na usiwe na haraka nalo. Siku itakapofika nitauziba mimi, kwa unga wa mbao na gundi, nitapiga msasa mpaka kidole kisijue, na safari hii sitamwonyesha mtu.

Mwanao na fundi wako,
Subilaga